Bitana ya Madaftari ya Eunike

8 Machi 2004, Jumatatu

Fransiska, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, ameniambia ninunue daftari niandike kila siku mkono wa mume wangu umefanya nini. Mstari mmoja unatosha, alisema. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu mkuu aliubandika ukutani wageni wauone, kwa hiyo mstari mmoja kwangu ni dharau. Nitaandika ninavyojua.

Mgonjwa ni Philemoni, Baba Eunike, miaka hamsini na nane. Kiharusi kilimpiga Januari, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia umebaki umekunjwa kifuani, na maneno hayatoki. Anaelewa kila kitu, kichwa ni kizima, mdomo ndio unaokataa. Fransiska anasema kinachorudi hurudi zaidi ndani ya miezi sita ya kwanza, na hakirudi kwa kukaa. Aminye mpira, ataje majina ya vitu. Baba Eunike akiona ule mpira anageuza uso. Siku nzima yuko kwenye kiti cha dirishani anatazama ukuta wa uwanja wa michezo, kama mtu anayesubiri mechi iliyoahirishwa.

Mkono: hakuna.

10 Machi

Mvua ya kwanza. Nimemaliza sare tatu za kwaya. Mkono: hakuna.

14 Machi, Jumapili

Leo niandike habari za mwanangu, maana daftari la nyumba hii bila Eunike haliwezi kuwa la kweli. Ana miaka kumi na tisa. Anatengeneza kompyuta kwenye kafe moja ya intaneti mjini. Si kuzipangusa vumbi, kuzitengeneza. Wanaume wenye tai wanasimama pembeni wakisubiri ainue kichwa. Pale kanisani nimewaambia watu watatu tu, wengine wamesikia wenyewe.

Baada ya ibada aliingia chini ya kitanda chetu akatoka na boksi ambalo halijafunguliwa tangu tuhame Olmotonyi. Ndani mna disketi nne za ule mchezo.

Inabidi nieleze. Baba Eunike alikuwa mtunza stoo wa chuo cha misitu. Mwaka tisini na tatu mwalimu mmoja wa kigeni alimaliza mkataba akamwachia kompyuta yake na mchezo mmoja. Si mchezo wa kupigana, ni hadithi. Kuna jumba kubwa kilimani, milango yote imefungwa, na mtu mdogo mwenye kofia nyekundu ambaye sisi tulimwita Kofia. Unamwandikia la kufanya: fungua kabati, chukua kamba. Baba Eunike aliandika kwa Kiingereza, mtoto akiwa magotini pake, na kila kilichotokea alinitafsiria mimi niliyekuwa kwenye cherehani. Wakikwama aligeuza kiti akaniuliza, "Haya fundi, Kofia aende wapi?"

Na mimi nilijibu. Milango mitatu ya lile jumba nimeifungua mimi nisiyejua Kiingereza. Mbwa wa jikoni nilisema apewe mfupa kwanza ndipo apitwe. Sanduku la bibi nilisema lina sakafu mbili, kwa sababu la mama yangu kule Machame lilikuwa hivyo, na kweli lilikuwa na sakafu mbili.

Kisha Baba Eunike akapunguzwa kazini, tukahamia hapa Kaloleni, na kompyuta ikafa njiani. Jumba hatukulimaliza.

Sasa Eunike anataka kuufufua ule mchezo kwenye kompyuta yake mpya. Nilimwambia baba yake hawezi hata kuomba maji, na yeye anamletea mwanasesere. Hakunijibu kwa hasira, hajalelewa hivyo. Alisema, "Mama, mpira haumuulizi kitu. Kofia atamuuliza."

Mkono: hakuna.

19 Machi

Disketi mbili zimeota ukungu, ya kwanza na ya tatu. Ya pili na ya nne kompyuta imezisoma. Eunike alikuwa anataka kuzipeleka kwa fundi redio. Nikamwambia fundi yumo humu ndani. Nilipasua ganda kwa kisu changu cha kufumulia mishono, nikatoa kile kisahani chembamba kama ngozi ya maziwa, nikakifuta kwa pamba na spiriti, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, Eunike akishika taa. Tukakivalisha ganda la disketi nyingine. Zikasomeka zote mbili. Eunike alisema kule kafe hakuna mwenye mkono kama wangu. Najua.

Mkono wa baba yake: hakuna.

20 Machi

Tumeukosa mchezo. Kioo kinakuwa cheusi, kinapepesa, kinafunga. Kompyuta mpya inasema haimjui huyu mgeni. Mvua siku nzima.

27 Machi

Leo Kofia ametokea! Amesimama getini kama zamani, na kofia yake. Nilijikuta nimeacha cherehani nimeshika bega la mwanangu. Furaha ikawa ya muda mfupi. Kompyuta mpya ina haraka mno. Kofia anakimbia kama amemwagiwa maji ya moto, na mlinzi wa geti anamkamata kabla Eunike hajamaliza kuandika neno moja. Mara tisa amekamatwa.

Baba Eunike hakugeuka. Mkono: hakuna.

28 Machi, Jumapili

Nimemkumbusha Eunike siku nilipofungiwa mota ya umeme kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Kitambaa kilikuwa kinanyakuliwa mkononi. Cherehani haikuwa na kosa wala mota haikuwa na kosa, ila cherehani ilizoea mwendo wa mguu. Nikajifunza kuibana mota itembee kwa mwendo wa mguu. Eunike akashika kidevu. Akasema kuna programu ya bure mtandaoni, imetengenezwa na watu wanaopenda michezo ya zamani, inaifanya kompyuta mpya ijifanye mzee. Nikasema ndiyo hiyo.

5 Aprili

Programu ameishusha kwa siku tatu, maana simu ya kafe inakatika mvua ikizidi. Leo umeme hakuna. Mkono: hakuna. Maneno: hakuna.

11 Aprili, Pasaka

Simaloi, mama anayeniletea maziwa kutoka Ngaramtoni, ameleta lita mbili za sikukuu ndani ya kibuyu, hakutaka kitu. Alimsalimia Baba Eunike kwa heshima zote, akamshika ule mkono mbovu kama unavyoshika mkono wa mtu mzima. Wageni wengine wanaupita. Mimi nilikuwa naona Simaloi ni mtu wa maziwa tu. Leo nimemkaribisha ndani akala na sisi.

Fransiska kasoma daftari hili juzi. Alicheka mpaka akakaa. Halafu akasema kwa upole kwamba miezi mitatu imekwisha.

17 Aprili, Jumamosi

Niandike yote, hata kama Fransiska atasoma.

Programu imekubali. Eunike aliibana kidogo kidogo, Kofia akatembea mwendo wake ule ule wa zamani, mpaka sauti ya mlango ikalia ile krii. Baba Eunike aligeuza kichwa. Niliona kwa macho yangu. Wiki sita hajageukia kitu.

Halafu mchezo ukasimama. Kioo kikauliza swali. Eunike akatafsiri kwa sauti, ili baba yake asikie: fungua kitabu ukurasa wa kumi na saba, mstari wa nne, andika neno la tatu. Ni kinga ya waliouza mchezo, alinieleza. Mwenye kitabu ndiye mwenye mchezo. Ukikosea mara tatu unafungiwa nje. Kila ukiwasha swali linabadilika, na geti halifunguki bila jibu.

"Kile kitabu kiko wapi, Mama? Kile cha picha. Baba alikuwa anasema amekiweka ofisini."

Baba Eunike alifungua mdomo. Ulicheza kama mtu anayetafuna. Kisha akanitazama mimi, akaufunga, akarudi kwenye dirisha lake.

Nikasema sijui.

Najua. Januari ya tisini na tano Eunike alikuwa anaingia darasa la nne. Kila mama anajua siku za kujalidi madaftari. Mwalimu anakagua, na daftari lisilo na jalada linarudishwa nyumbani pamoja na mwenyewe. Wenzangu walifunika kwa kalenda za zamani na magazeti. Mimi ni fundi. Nilifunika kwa karatasi ya kaki, na ndani ya kaki nikatia karatasi ngumu, kama tunavyotia bitana kwenye kola ili isikunjike. Karatasi ngumu niliikuta kwenye boksi la kompyuta. Kijitabu kizuri, kizito, maandishi ya Kiingereza matupu. Nikafikiri ni vile vikaratasi vinavyokuja na redio. Nikakipiga mkasi chote, kikatosha madaftari saba.

Madaftari ya Eunike hayakukunjika mwaka mzima. Mwalimu aliyainua mbele ya wazazi wote. Sijui nimeisimulia hiyo habari mara ngapi, hata wiki iliyopita nimemsimulia Fransiska.

Baada ya siku chache Baba Eunike aliuliza kama nimekiona kitabu cha mchezo. Hapo ndipo nilipojua nimekata nini. Nikasema sijakiona. Hakuuliza tena, na mchezo ukaendelea miaka miwili. Nikadhani hakikuwa na kazi.

Mkono: hakuna, na ni kwa sababu yangu.

18 Aprili

Mkono: hakuna.

21 Aprili

Hakuna.

26 Aprili

Eunike ametafuta majibu mtandaoni. Mchezo wetu haujulikani sana. Amewaandikia watu wanaokusanya michezo ya zamani. Mmoja amejibu kwamba anaukumbuka, ila kitabu hana. Amejaribu na kuvunja lile swali kwa ufundi wake, ameshindwa, akitoka kazini anakaa hapo mpaka chakula kinapoa. Anajilaumu yeye. Mimi nakazana na cherehani ili isisikike ninavyopumua.

3 Mei

Mvua imetoboa paa la jirani. Mlima Meru hatujauona wiki tatu. Mkono: hakuna. Baba Eunike amekataa uji.

9 Mei, Jumapili

Eunike ameizima kompyuta akaitandika kitambaa. Akasema, "Nimeshindwa, Mama. Nilidhani najua."

Maneno hayo kutoka kwa mtoto wangu. Miaka yote nimemtembeza mjini kama bendera, na leo nimekaa kimya nikimwona anaingia chumbani mabega yameshuka, wakati jibu ninalo mimi. Nilitamani aniulize tena. Hakuniuliza, kwa sababu mama yake akisema sijui, yeye anaamini.

10 Mei

Nimekumbuka madaftari yalikokwenda. Eunike alipomaliza la saba nilimpa Simaloi yale madaftari saba, bintiye Nashipae akaone mwandiko wa mtoto anayefaulu. Ndivyo nilivyomwambia, kwa maneno hayo hayo.

Simaloi hajaleta maziwa tangu Alhamisi. Barabara yao imekatika. Nitakwenda.

13 Mei, Alhamisi

Siku ya soko Ngaramtoni. Nilimwacha Baba Eunike na jirani, nikavaa mabuti yake ya stoo na kanga mbili. Kutoka sokoni hadi kwa Simaloi ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, na tope linavua kiatu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilibaki nimekaa hapo hapo nikacheka mwenyewe, fundi wa kwaya nzima ya Kaloleni.

Simaloi alinikuta kwenye uzio wa ng'ombe. Akanishika mkono kwanza, halafu ndipo akanitazama nguo. "Yeyo," aliniita, yaani mama kwa Kimaasai, "nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna, nimefuata madaftari. Niliona aibu, mtu hadai alichotoa. Kwa hiyo nikamweleza yote, mkasi, bitana, uongo, nikiwa nimesimama mbele ya mtu niliyewahi kumwambia ajifunze kwangu kulea.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anasukuma ndama kwa goti. Akasema madaftari matano yameshakwisha kwa miaka, mengine moto, mengine panya. Mawili yapo, la hesabu na la sayansi. Nashipae, ambaye sasa yuko kidato cha pili, amekataza yasiguswe, maana amejifunza sehemu kwa sehemu kutoka kwenye yale makosa ya Eunike yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu.

Nikasema Eunike hakuwa na makosa mengi. Imenitoka tu. Simaloi akacheka.

"Mama Eunike," akasema, "kamwambie mtoto. Karatasi peke yake haitoshi."

Alinifungia madaftari kwenye mfuko wa nailoni, akaongeza maziwa, akanisindikiza mpaka barabarani kwenye tope lile lile.

14 Mei, Ijumaa

Nilimsubiri Eunike atoke kazini. Nikamkalisha mezani, baba yake akiwa kwenye kiti chake dirishani. Nikaweka daftari la hesabu na la sayansi. Nikachukua kisu cha kufumulia, nikaipasua kaki mbele yake. Picha ya jumba ikatoka, rangi zake bado, kurasa zimekatwa na mkasi wangu ulionyooka.

Nikamwambia. Sikupunguza kitu. Nilimwambia pia kwamba ile siku aliyouliza nilijua.

Eunike alizipapasa zile kurasa kwa muda. Machozi yalimjaa, sikujua ni ya hasira au ya nini. "Siku ishirini na saba, Mama," alisema. "Nilidhani mimi ndiye mjinga."

Nikasema hapana. Nikasema mjinga amekaa hapa.

Akaondoa kitambaa, akaiwasha. Tulikuwa na kurasa nane kati ya ishirini na nne. Swali la kwanza likataka ukurasa wa tisa, hatuna. Akazima, akawasha. Wa ishirini na mbili, hatuna. Akawasha tena, akasoma kwa sauti: ukurasa wa kumi na saba, mstari wa nne, neno la tatu. Ukurasa wa kumi na saba tulikuwa nao. Tukaugeuza. Mstari wa nne unakatika katikati, mahali nilipopunguza ili pembe ikae vizuri. Maneno mawili yapo, la tatu mkasi umekula.

Nikaweka kichwa mezani.

"Mshu," ikatoka sauti dirishani.

Tuligeuka wote wawili. Baba Eunike amesimama, ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto, shingo imevimba kwa nguvu anayoitumia.

"Mshu. Maa."

Eunike akavuta kibodi. Aliandika neno la mshumaa kwa Kiingereza, kama baba yake alivyomfundisha magotini, na lango la jumba likalia krii likafunguka.

"Baba," akasema taratibu, "umejuaje?"

Baba Eunike alinitazama mimi. Aliegemeza fimbo ukutani, akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavifungua na kuvifunga, akavifungua na kuvifunga. Mkasi. Halafu akagonga kichwa chake kwa kidole: humu. Na uso wake, ule upande unaosikia, ukacheka.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima naliandika. Alijua. Tangu tisini na tano alijua. Maswali ya mchezo yanazunguka, Eunike anasema ni kumi na mawili tu, na Philemoni alikuwa ameyashika yote kichwani kwa kuyajibu mara nyingi. Miaka miwili kila alipowasha aliandika jibu bila kitabu, akamwambia mtoto kitabu kiko ofisini, na mimi nikiwa nyuma yake kwenye cherehani najisifu kwa majalada. Na ile siku ya Aprili alipofungua mdomo akanitazama akaufunga, hakushindwa. Au alishindwa, sijui. Lakini nadhani aliona nimesema sijui, akaamua kunistiri tena, hata kama yeye ndiye atakayebaki na mkono umekunjwa.

Nilimfuata nikamshika ule mkono, kama Simaloi alivyoushika. 

Mkono: umeminya wangu. Kidogo. Si kwamba nataka kujisifu, umeminya.

15 Mei

Mahali tulipoishia zamani hapasomeki, ukungu umekula. Itabidi tuanze getini. Eunike amevuta kiti cha baba yake kutoka dirishani.

Mkono: kidole cha shahada, mara moja, kitufe kikubwa cha pembeni.

16 Mei

Mara nne.

22 Mei

Eunike anaandika herufi za kushoto, baba yake za kulia. Neno moja linachukua muda wa kukaanga kitunguu. Kofia anasubiri, hana haraka, tulishambana mwendo. Maneno ya leo: geti, kamba, mbwa. Mbwa alitoka mzima.

29 Mei

Fransiska amekuja nyumbani kuona kwa macho yake. Shikamoo zake kwanza, kisha akakaa nusu saa anatazama kidole. Ameuchukua ule mpira akauweka kwenye mkoba wake. Amesema atawaambia wenzake hospitali. Nikamwambia awaambie na jina la binti aliyefanya, Eunike Philemoni, aandike lisipotee.

Simaloi ameleta maziwa. Nimemrudishia madaftari ya Nashipae, nimeyajalidi upya kwa kaki. Bitana nimetia kitambaa cha kola.

6 Juni, Jumapili

Mvua imekatika. Asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Baada ya ibada wakakaa. Kofia ameingia ukumbini, milango mitatu, yote haifunguki. Wameandika hili, wameandika lile. Mimi nilikuwa nakunja pindo la gauni la Hedwiga wa kwaya, sikutaka kuingilia, ingawa nilikuwa nimeshaona. Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Kinageuka polepole, kwa mguu mmoja mzuri na mmoja wa kuburuta, mpaka kikanielekea.

"Fundi," akasema. Akapumua. "Wapi?"

Nikaacha cherehani. Nikasema mlango wa katikati, aangalie juu ya fremu, watu wenye nyumba kubwa huficha ufunguo mahali ambapo wao wenyewe wanafika bila kuinama.

Ulikuwepo.